Rimoti ya Kurusha Mkono: Usanii au Mapinduzi?

Kariakoo ina sheria moja ambayo hakuna Bunge lililoipitisha, lakini kila mtu wa Dar anaijua: washa kwanza, hela baadaye. Ukinunua redio, mwambie jamaa aichomeke uisikie. Ukinunua balbu, aiwashe. Pasi uiguse kama inapata moto. Maana ukishavuka Msimbazi na mzigo wako, huku risiti imegongwa muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi", imekula kwako.

Leo nataka tuitumie sheria hiyo kuangalia historia ya kitu ambacho wengi wetu tumekisikia tu kwa mbali: pedi za gemu zinazohisi mwendo. Yaani badala ya kubonya vitufe, unarusha mkono, na yule mtu wa kwenye kioo naye anarusha raketi. Kuna watu walisema huo ni usanii mtupu. Wengine wakasema ni mapinduzi. Kinachonivutia mimi ni kwamba wote walikuwa na hoja, na mwisho wa hadithi umekuja kutokea mahali ambapo hakuna aliyepaangalia. Nitafika huko, vumilieni kidogo.

Tuanze na Tokyo, Septemba 2005. Satoru Iwata, aliyekuwa mkuu wa Nintendo, alipanda jukwaani kwenye maonyesho ya gemu na kuonyesha pedi ya mashine yake mpya. Watu wakakodoa macho. Haikuwa pedi ya kushika kwa mikono miwili kama tulivyozoea. Ilikuwa rimoti. Rimoti ya televisheni kabisa, ndefu na nyeupe, ya kushika kwa mkono mmoja.

Nintendo wakati huo walikuwa hoi. Mashine yao ya GameCube iliishia kuuza kama milioni 21 tu dunia nzima, wakati PlayStation 2 ya Sony ilikuwa njiani kupita milioni 150. Kwa hiyo magwiji wa gemu walipoiona ile rimoti, wengi walisema jamaa wamechanganyikiwa. Aprili 2006 Nintendo wakatangaza jina la mashine yenyewe: Wii. Kwa Waingereza na Wamarekani neno hilo linasikika kama neno la kitoto la kwenda haja ndogo. Basi vicheko vikaongezeka.

Lakini jamani, tusiwacheke waliocheka. Walikuwa wamekwisha kuumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwaka 1989 kampuni ya Mattel iliuza Marekani glovu moja iliyoitwa Power Glove, ya kuchezea mashine ya zamani ya Nintendo. Wazo lilitokana na glovu ya utafiti ya kampuni ya VPL, akina Jaron Lanier na Thomas Zimmerman, ambayo ilikuwa ghali mno. Mattel wakatafuta njia ya kuirahisisha. Glovu ilitoa sauti ambazo sikio la binadamu halizisikii, na vinasa sauti vilivyowekwa pembeni mwa televisheni vikapiga hesabu mkono uko wapi. Kwenye matangazo ilikuwa balaa. Hata kwenye sinema iliwekwa. Watoto walipofika nayo nyumbani wakakuta haishiki shabaha, mkono unachoka, na gemu zenyewe karibu zote zilitengenezwa kwa pedi ya kawaida. Haikudumu sokoni.

Mwaka 1993 Sega nao wakaja na Activator, duara la pembe nane unalolitandika sakafuni na kusimama katikati. Linarusha mwale wa infraredi kwenda juu, na ukipitisha mkono au mguu juu ya upande fulani, mashine inahesabu kama umebonya kitufe. Kwa hiyo ngumi yako haikuwa ngumi, ilikuwa kitufe cha angani. Lenyewe nalo likafa kifo cha mende.

Kwa hiyo mwaka 2005 mtu aliyesema "haya tuliyaona" alikuwa anasema kweli. Swali lilikuwa moja tu: kimebadilika nini?

Kilichobadilika ni bei na ukubwa wa kidude kimoja kinachoitwa akselerometa. (Wataalamu wa Kiswahili wanaita vitu vya namna hii vihisi. Tusiite sensa, maana sensa kwetu ni ya watu na makazi, usije ukamkuta karani mlangoni.) Ni kipande cha silikoni, kidogo kuliko punje ya mahindi, na ndani yake mna kijiuzito kilichoning'inizwa kwenye vijispringi visivyoonekana kwa macho. Ukikisukuma, kijiuzito kinabaki nyuma kidogo, na umeme unapima kimebaki kiasi gani. Kilichoshusha bei yake si gemu. Ni magari. Miaka ya 1990 viwanda vya magari vilianza kuvinunua kwa wingi ili gari likigonga, puto la usalama lijue na kufumka. Kitu kikitengenezwa kwa mamilioni, bei inaporomoka. Iwata na wenzake wakachukua kidude cha ajali wakakiweka kwenye kitu cha kuchezea.

Sasa hapa ndipo kwenye utaalamu wenyewe, na nitaueleza kwa daladala.

Chukulia umepanda daladala ya Kariakoo kwenda Mbagala, umesimama, umefumba macho. Dereva akikanyaga mafuta, unasukumwa nyuma. Akipiga breki, unakwenda mbele. Akikata kona, unamlalia jirani. Mwili wako ndiyo akselerometa. Unajua kila mtikisiko. Lakini nikikuuliza baada ya dakika 20, tuko wapi? Mtoni? Mtongani? Unabahatisha. Kila ulipokosea kidogo kukadiria breki, kosa hilo limebebwa mpaka kituo kinachofuata, na linaongezeka.

Hesabu yake inatisha kuliko unavyodhani. Kidude kikikosea kwa sehemu 1 tu ya 100 ya nguvu ya mvutano wa dunia, halafu ukakitegemea chenyewe kukwambia mkono uko wapi, baada ya sekunde 10 kitakuwa kimepotea kwa karibu mita 5. Mkono uko kitandani, mashine inasema uko uani.

Kuna ubaya wa pili. Daladala likiwa linashuka mteremko, mwili unaelekea mbele. Likipiga breki kwenye tambarare, mwili unaelekea mbele vilevile. Aliyefumba macho hawezi kutofautisha. Rimoti ya Wii nayo ilikuwa hivyo hivyo: ilichanganya kuinamishwa na kusukumwa.

Nintendo walilijua hilo. Dawa yao ya kwanza ilikuwa sawa na ile ya konda. Umefumba macho, hujui ulipo, ghafla konda anapaza sauti: "Aziz Ali!" Basi, kosa lote linafutika, unaanza upya kuhesabu kutoka pale. Konda wa Wii alikuwa kijiti kinachowekwa juu ya televisheni. Chenyewe walikiita kijiti cha vihisi, lakini hakina kihisi hata kimoja! Ni taa tu za infraredi kushoto na kulia. Kamera ndogo iko kwenye ncha ya rimoti, inaziona zile taa na kujua imeelekezwa wapi. Wajanja waligundua kwamba ukiweka mishumaa miwili mbele ya televisheni inafanya kazi ileile, maana mshumaa nao unatoa infraredi. Mambo ya mgawo wa umeme hayo, isipokuwa televisheni yenyewe haiwaki kwa mshumaa.

Tatizo ni kwamba konda huyu alisaidia tu pale rimoti ilipoelekea kwenye kioo. Ukirusha mkono kando kupiga tenisi, kamera inaangalia ukutani. Konda kashuka.

Hapo ndipo Nintendo walipotumia akili ambayo wengine mpaka leo wanaiita usanii. Gemu lililokuja na mashine, Wii Sports, halikuwa linafuata mkono wako hatua kwa hatua. Lilisubiri mtikisiko mkubwa, likausoma kama "kapiga", likaangalia kapiga saa ngapi na kwa nguvu kiasi gani, halafu likachora kiharusi kizuri kwenye kioo. Ubongo wako unajaza yaliyobaki. Haikuchukua muda watu wakagundua kwamba huna haja ya kusimama na kutokwa jasho. Kaa kwenye kochi, tikisa kiganja kidogo tu, mpira unakwenda. Wenye shaka wakapiga makofi: tuliwaambia!

Sasa tuweke mizani sawa. Wii ilitoka Novemba 2006 Marekani kwa dola 249.99. Ikafika Japani na Ulaya mwezi uliofuata. Ikagombaniwa. Nyumba za kulelea wazee Marekani na Uingereza zikaanza kucheza bolingi ya kwenye televisheni. Bibi ambaye hajawahi kushika pedi maishani alijua kurusha mkono, maana kurusha mkono hakuna darasa. Mwisho wa yote ziliuzwa Wii milioni 101.63. Watu waliosema haitauza walikuwa wamekosea kabisa. Watu waliosema haipimi mkono kwa usahihi walikuwa sahihi kabisa. Kumbe yalikuwa maswali mawili tofauti, na wengi walikuwa wanayajibu kama moja.

Na matatizo hayakuishia kwenye hesabu. Wiki chache baada ya Wii kutoka, watu wakaanza kurusha rimoti zenyewe. Mkono una jasho, gemu limenoga, kamba ya kifundo inakatika, rimoti inaingia kwenye kioo cha televisheni. Desemba 2006 Nintendo wakatangaza kubadilisha kamba zipatazo milioni 3.2. Ile ya kwanza ilikuwa na unene wa milimita 0.6, mpya ikawa milimita 1. Mwaka 2007 wakaongeza na koti la mpira la kuivika rimoti. Mapinduzi ya teknolojia yalinusurika kwa uzi mnene. Fundi yeyote wa Gerezani angewaambia hilo mapema.

Sony nao wana kisa chao. Mei 2006 walitangaza kwamba pedi ya PlayStation 3, Sixaxis, nayo itahisi mwendo. Lakini ule mtetemo uliozoeleka ukatolewa. Kwa nini? Wakasema mtetemo utavuruga vihisi. Wakati huohuo Sony walikuwa wameshindwa mahakamani na kampuni ya Immersion kuhusu hataza za teknolojia hiyohiyo ya mtetemo, na Immersion wakasema hadharani kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa pamoja. Machi 2007 wakamaliza kesi. Kabla mwaka huo haujaisha Sony wakatoa pedi mpya, DualShock 3. Ina nini? Ina vihisi vya mwendo na ina mtetemo. Haya, nani alikuwa anamdanganya nani? Hapa mwenye shaka alistahili soda.

Sasa turudi Bongo, maana najua mnauliza: mbona hayo yote hatukuyaona huku?

Mtu akiandika historia ya gemu Dar es Salaam, ataandika historia ya kibanda. Televisheni ya chogo, PlayStation, benchi, pedi mbili zilizochoka, na vijana wanasubiri zamu. Unalipa kwa mechi, mshindi anabaki. Uchumi wa kibanda ulikuwa na masharti yake, na Wii ilifeli karibu yote.

Sharti la kwanza, bei. Dola 250 za mwaka 2006 zilikuwa zaidi ya shilingi laki tatu, kabla hujahesabu usafiri na faida ya mfanyabiashara. PS2 ya mtumba iliyofunguliwa na fundi ikawekwa chipu ilicheza CD za kuchoma ambazo bei yake ni ya maji ya kunywa.

Sharti la pili, umeme. Mwaka 2006 ndio ule mwaka wa ukame, mabwawa yamekauka, mgawo umeiva, na ndiyo mazingira yaliyozaa sakata la Richmond lililomwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa Februari 2008. Mwenye kibanda alikuwa anagombania saa za umeme, si aina ya pedi. Tena Wii iliyotoka Marekani ilikuja na kibadilishia umeme cha volti 120. Sisi ni 230. Ukiichomeka ukutani bila kuangalia, unanusa moshi.

Sharti la tatu, nafasi. Hili ndilo kubwa na ndilo wazungu hawakulitaja sana. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala ina korido katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma. Chumba kimoja ni kitanda, kabati, televisheni, ndoo za maji, na watu wanne. Urushe mkono wapi? Kwenye kibanda ndio kabisa, vijana kumi wamebanana benchi moja. Mmoja akipiga tenisi, mwingine anakwenda Muhimbili.

Sharti la nne, mpira. Mtoto wa Dar alikuwa anacheza Winning Eleven, basi. Pasi, krosi, shuti. Vitufe vinatosha, na vidole vimekwisha kuvijua kwa moyo. Konami walitengeneza toleo la Pro Evolution kwa ajili ya Wii ambapo unawaelekeza wachezaji kwa kunyoosha rimoti. Ni wazo zuri kweli, lakini mwenye kibanda hakuwa na sababu ya kuwafundisha upya wateja ambao tayari wanamlipa. Sony waliacha kutengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013, na vibandani iliendelea kutwanga mechi muda mrefu baada ya hapo.

Kwa hiyo Kariakoo haikuikataa Wii kwa ushamba. Iliwasha kwanza, ikaangalia, ikaona hailipi. Hiyo ni shaka yenye hesabu ndani yake, na mimi naiheshimu.

Huko nje mambo yaliendelea. Juni 2009 Nintendo wakatoa kiongezo cha kuchomeka chini ya rimoti, MotionPlus, chenye jairoskopu. Hiki ni kidude kinachopima kuzunguka. Kwa mfano wetu wa daladala, sasa yule aliyefumba macho anajua gari limeinama kiasi gani, kwa hiyo anaweza kutofautisha mteremko na breki. Mkono ukaanza kufuatwa kweli. Lakini angalia maana yake: miaka miwili na nusu baada ya kuuza mamilioni ya rimoti, kampuni ilikuwa inauza kipande cha kuifanya rimoti itende kile ambacho watu walidhani inatenda tangu mwanzo.

Halafu Novemba 2010 Microsoft wakaleta Kinect, wao wakaondoa pedi kabisa. Kamera inakutazama, inapima umbali wa kila kiungo chako kwa infraredi, teknolojia iliyotoka kampuni ya PrimeSense ya Israeli. Ziliuzwa milioni 8 ndani ya siku 60, rekodi ya Guinness. Lakini ilitaka uwe umbali wa karibu mita 1.8 kutoka kwenye kamera, na mkiwa wawili mita 2.4. Rudi kwenye chumba chetu cha Kariakoo upime. Utajikuta umesimama koridoni kwa jirani.

Kuna kisa kimoja cha Kinect kinachotuhusu moja kwa moja. Ilipotoka tu, mtandao wa GameSpot uliripoti kwamba wafanyakazi wao wawili weusi hawakutambuliwa vizuri na ule mfumo wa kusoma sura. Ikawaka. Mashine ya kibaguzi! Consumer Reports wao wakachukua mashine, wakamkalisha mbele yake mtu mweusi na mtu mweupe, wakachezea taa. Wakakuta tatizo ni mwanga hafifu, na kwenye mwanga hafifu iliwashinda wote wawili. Mimi nakipenda kisa hiki kwa sababu pande zote mbili zilifanya kazi yao. Wa kwanza alikuwa na haki ya kuuliza, maana kamera kushindwa kusoma ngozi nyeusi si jambo la kubuni, lina historia ndefu toka enzi za filamu. Wa pili hakumwambia anyamaze. Alipima.

Shaka nyingine kubwa ilikuja Juni 2013. Microsoft walikuwa wametangaza Xbox One kwa dola 499, na lazima Kinect iwe imechomekwa, masikio wazi muda wote. Mwezi huohuo Edward Snowden akafichua namna shirika la ujasusi la Marekani linavyochota mawasiliano ya watu. Nani anataka kamera na kinasa sauti sebuleni ambavyo havizimiki? Agosti wakarudi nyuma, wakasema si lazima kuichomeka. Juni 2014 wakauza Xbox bila Kinect kwa dola 399. Oktoba 2017 wakatangaza wameacha kuitengeneza. Wii nayo ilikuwa imeshazikwa, na mrithi wake Wii U alikuwa ameuza milioni 13.56 tu.

Kwa hiyo usanii ulishindwa, hadithi imekwisha? Hapana. Ngojeni.

Kabla sijafika mwisho, naomba niwarudishe nyuma hapahapa nyumbani, maana nchi yetu ina kisa kikubwa kuliko hiki cha shaka na mashine. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Baadaye serikali ikajaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine kubwa zaidi za Uingereza, mambo yakaharibika, hesabu zikavurugika na fedha za kigeni zikapotea. Mwaka 1974 ikatoka amri: marufuku kuingiza kompyuta, na televisheni pia, bila kibali. Kosa la mradi mmoja likawa hukumu ya mashine zote. Kompyuta chache ziliingia kwa vibali maalumu, na mlango ulikuja kufunguka hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990. ITV ilianza kurusha matangazo 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hebu fikirini: kizazi kizima cha Bara kilikulia bila kioo wala kibodi, kwa sababu ya shaka ambayo mwanzo wake ulikuwa halali kabisa.

Sisemi waliotoa amri ile walikuwa wajinga. Nchi haikuwa na dola za kuchezea, na mradi ulikuwa umefeli kweli. Ninachosema ni kwamba kuna shaka ya aina mbili. Kuna ile ya Kariakoo, inayosema "iwashe niione". Na kuna ile inayofunga duka. Ya kwanza inakubakizia nafasi ya kurudi kesho kuangalia tena kama kitu kimeboreka. Ya pili inatupa ufunguo.

Na kuhusu rimoti, waliorudi kuangalia tena walikuta maajabu. Wakati watu wanabishana kuhusu sebule, Apple mwaka 2007 walitoa iPhone ikiwa na akselerometa ileile, kazi yake ya kwanza ikiwa kugeuza picha ukilaza simu. Wengine wakafuata. Jairoskopu nayo ikaingia. PrimeSense, wale wa Kinect, walinunuliwa na Apple mwaka 2013, na mwaka 2017 ikatoka iPhone X inayosoma sura ya mwenyewe kwa nukta za infraredi. Nintendo wenyewe walirudi 2017 na Switch, pedi zake zina vihisi vyote viwili lakini vitufe vipo palepale kwa anayevitaka. Imekwisha kupita milioni 150. Hakuna tena aliyelazimishwa kurusha mkono, na pengine ndiyo maana hakuna tena anayelalamika.

Leo pita Mtaa wa Aggrey. Kila simu janja pale kabatini, hata ya bei ya chini, ina akselerometa ndani. Kijana amekaa juu ya boksi anainamisha simu kushoto na kulia, gari lake la mashindano linakata kona. Hajui Power Glove ni nini na hana haja ya kujua. Kile kidude kilichochekwa Tokyo kipo mfukoni mwake, kinahesabu na hatua anazotembea.

Lakini sheria ya Kariakoo haijafutwa. Simu nyingi za bei nafuu zina akselerometa bila jairoskopu, na muuzaji hatakwambia. Utaligundua ukifika nyumbani, kwenye gemu la kulenga shabaha kwa kuzungusha simu, au kwenye ile miwani ya uhalisia pepe: picha inakataa kukufuata unapogeuka. Ni tatizo lilelile la rimoti ya mwaka 2006, safari hii limevaa koti la simu. Na tusisahau Juni 2016, TCRA walipozima simu feki, wangapi walibaki na kipande cha plastiki mkononi.

Kwa hiyo ukienda kununua, iombe simu, fungua programu ya kupima vihisi, izungushe mbele ya muuzaji uangalie kama namba za jairo zinacheza. Zikikaa kimya, ujue umefumba macho kwenye daladala na konda kashuka.

Akikwambia "hiyo haina kazi, bro", mjibu kwa upole: iwashe niione.

Wadau mnasemaje? Kuna aliyewahi kuicheza Wii humu Dar, na chumba kilitosha?